Sumaku, Timazi na Datsun ya Chini ya Mkorosho

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja jioni kwenye uwanja wa gereji yetu, Mtwara Mjini. Walikuwepo mafundi vijana, wanafunzi wa ufundi, na wazee wachache waliokuja kuiona "ile Datsun" waliyoisikia mitaani. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikapunguza vicheko na kelele za bodaboda.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, poleni na kazi. Na ninyi wanangu mliokalia matairi huko nyuma, sogeeni karibu, leo hakuna atakayeshikishwa msasa.

Kabla sijaanza, naomba kijana mmoja aje achukue sumaku hii. Imetoka kwenye spika ya redio mbovu, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Haya, wewe. Nenda kwenye ule mlango wa Corolla uliotundikwa ukutani. Iweke juu, karibu na kioo. Imeshika? Iteremshe taratibu. Taratibu... Mmesikia ilivyoanguka? Hapo chini ya rangi hakuna chuma cha karibu. Kuna puti, ule ute wa kujazia mabonde ya bati, unene wa kidole. Nani aliyeweka? Mimi. Msicheke. Miaka ile mwenye gari alitaka kuliuza, akanipa siku mbili na kusema, "Fundi, isijulikane tu." Na haikujulikana. Gari liliuzwa, nikalipwa. Mlango ulirudi kwangu baadaye sana, gari lilipokuja kukatwa vipuri, na nimeutundika pale uniangalie.

Sasa ipeleke sumaku kwenye Datsun. Pitisha mlangoni, kwenye madigadi, kwenye nguzo ya kioo, popote utakapo. Inashika kote. Na ukitazama vizuri utaona mishono yote ya kuchomelea, kwa sababu sijaificha hata mmoja.

Hilo ndilo nililowaitia. Sisi mafundi bodi tumelelewa katika kazi ya kuficha. Gari likigongwa, sifa yako ni mtu apite asijue kwamba liligongwa. Lakini gari la mashindano, kama hii Datsun tunayoitengeneza, halina mnunuzi wa kumfichia. Atakayelikalia ndiye huyo huyo anayejua lilikuwaje, na njia itakayoligonga haiangalii rangi. Ukificha ufa, umejifichia mwenyewe.

Mzee wangu mmoja aliyeketi hapo mbele aliniuliza jana, kwa heshima lakini kwa ukali: "Mwanangu, watu hawana gari la kwenda shamba, wewe unatengeneza gari la kuchezea?" Mzee, swali lako ni la haki. Nami nakukumbusha kwamba wewe ndiye uliyenisimulia safari za Dar es Salaam za enzi zile, pantoni ya Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, matope, watu kushuka kusukuma, kulala porini. Wewe umeshiriki rally, yaani mbio za magari za njia ndefu, nyingi kuliko dereva yeyote ninayemjua, ila hukupewa kikombe. (Hapo mzee alicheka, nikajua nimepona.)

Mchezo wenyewe si wa kigeni kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii. Siku hizi ukitaka kuona magari yakishindana hapa nchini utaenda Arusha, Moshi, Tanga, Iringa au Morogoro. Kusini bado tunasikiliza tu.

Katika hadithi zote za Safari, mimi naipenda moja. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na nduguye Jaswant. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva maarufu, mikono yake ilijua spana. Na gari lake, Volvo PV544, halikutoka dukani. Lilikuwa kuukuu, lilikwisha kuchapwa na njia hizo hizo kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia. Wengine waliona gari lililochoka. Yeye aliona bodi iliyokwisha kuonyesha wapi inapasuka. Hayo ya mwisho ni maneno yangu, hakuyasema yeye, lakini fundi yeyote aliyewahi kufungua gari lililokimbizwa anajua ninachosema. Gari jipya linakuficha udhaifu wake. La zamani limekwisha kukiri.

Kuhusu Datsun sina haja ya kusema mengi. Shekhar Mehta alishinda Safari mara tano, na nne kati ya hizo zilifuatana, 1979 hadi 1982, zote kwenye ukoo huu huu wa Violet, wengi tunaoujua kwa jina la 160J. Yake ilikuwa na injini kubwa na jeshi la mafundi nyuma yake. Hii ilikuwa na kuku.

Kweli, kuku. Niliikuta shambani, njia ya kwenda Tandahimba, chini ya mkorosho, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Upande wa kushoto mbele iligongwa zamani ikaachwa. Mabibo yalikuwa yameiangukia msimu hadi msimu, rangi ya paa imeliwa madoa madoa kama ngozi ya chui. Lakini kilichonishtua ni buti. Mwenye gari alikuwa akibebea mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Ninyi nyote mnaijua salfa, mmeivuta puani tangu utoto. Ikimwagika kwenye chuma ikakaa na unyevu, baada ya muda inazaa asidi. Nilipoinua zulia la buti, vumbi la njano lilikuwa bado lipo pembeni, na chini yake sakafu imekuwa kama chapati iliyoungua: ukiigusa inavunjika. Niliingiza kidole nikaona majani upande wa pili.

Watu walinicheka. Mtani wangu mmoja Mmwera alisema nimenunua kutu nikapewa Datsun ya nyongeza.

Na kusema kweli, kugeuza chuma kuukuu si jambo la kukurupuka. Ule mradi wa karanga wa Waingereza, uliotuachia bandari hii ya Mtwara, ulileta matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vya vita. Mradi ukafa mwaka 1951. Kwa hiyo usiokote bodi kwa sababu tu ni ya bure. Mimi niliinunua kwa sababu nguzo za milango zilikuwa nzima na paa lilikuwa limenyooka. Kutu ya sakafu inakatwa. Paa lililopinda pamoja na nguzo, mwachie mwenye chuma chakavu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Gari likifika, mkono unakimbilia nyundo. Acha nyundo. Chukua timazi, ile ile ya mwashi.

Nililiinua gari juu ya stendi nne, sakafu ya saruji chini yake nimefagia. Chini ya kila gari kuna matundu na boliti ambazo kiwanda kiliziweka sawa kushoto na kulia. Nilichagua manane. Kila moja nikaning'iniza timazi, nikasubiri itulie, nikatia alama ya chaki sakafuni. Halafu tukalisukuma gari kando. Zilizobaki ni alama nane sakafuni, na hizo ndizo gari lenyewe, bila rangi, bila bati, bila maneno. Ukapima mshazari: kutoka mbele kushoto kwenda nyuma kulia, kisha mbele kulia kwenda nyuma kushoto. Bodi iliyonyooka, vipimo hivyo viwili vinafanana. Yetu ilipishana milimita kumi na saba. Mimi ikizidi tatu sikubali.

Milimita kumi na saba huzioni kwa macho. Lakini gari la namna hiyo linakwenda kama mbwa, kiuno upande, linakula tairi, na kwenye changarawe kwa mwendo mkali linakwenda linakotaka lenyewe. Unaweza kulipaka rangi ya dhahabu, litabaki kiuno upande.

Kuvuta tulivutia kwenye ule mwembe. Nyuma tuliifunga kwenye nguzo ya chuma iliyozikwa, mbele cheni bloku, ile winchi ya mkono ya kuvutia mnyororo, mnyororo umefungwa pale pale ajali ilipoishia. Kanuni ni kurudisha ajali kinyumenyume: kilichopinda mwisho kinatoka kwanza. Unavuta kidogo, unasimama, unagonga mikunjo taratibu ili chuma kilegee, unapima, unavuta tena. Na uvute kupita alama kidogo, kwa sababu ukiachia kitarudi. Juu ya mnyororo tulitandika magunia mabichi, na hakuna aliyesimama mbele yake wala nyuma yake. Mnyororo ukikatika haukuulizi jina. Siku nne tulifanya kazi hiyo tu. Jirani aliuliza kama gari limekataa kutoka kwenye mwembe.

Neno moja kwa vijana wa gesi: Datsun hii ni chuma laini cha zamani, kinavumilia moto. Magari ya miaka ya karibuni yana nguzo za chuma kigumu sana, ukizichoma ili zilegee zinapoteza nguvu zao na hazirudi. Msije mkasema mliambiwa hapa.

Tuje kwenye kutu. Nilipokuwa kijana nilitengeneza Corolla KE70 kwa ajili ya kukimbiza, mimi na rafiki zangu wawili, hatuna hela, tuna hamu tu. Pale juu shokapu ya mbele inapofungwa palikuwa na kutu. Nikakata kipande cha bati, nikakibandika juu ya kutu, nikachomelea pembeni, nikafuta na puti, nikapaka rangi. Kilipendeza! Tukaenda kulijaribu njia ya Msimbati, enzi hizo vumbi tupu. Hatukufika mbali. Tulipita shimo moja, nikasikia mlio kama debe limekanyagwa, na boneti ikainuka kwa ndani kama mtu ameipiga ngumi. Shokapu ilikuwa imepasua bati langu, ikapanda juu. Gari likalala upande wa kulia, likazunguka, likasimama mchangani. Hatukuumia. Rafiki yangu mmoja alishuka, akaenda mbele, akaniangalia, akarudi mjini kwa miguu bila kusema neno. Tulikaa miezi hatujasalimiana vizuri.

Kosa halikuwa shimo. Kuchomelea kunashika chuma, hakushiki kutu. Nilikuwa nimeshona kitambaa kipya kwenye kitambaa kilichooza. Kwa hiyo Datsun tuliikata. Grenda, brashi ya waya, na kukata mpaka chuma kiwe cheupe kinang'aa, kisha sentimeta mbili zaidi. Sakafu yote ya buti ilitoka. Vile vizingiti vya chuma vilivyo chini ya milango, pande zote mbili, vilitoka kwa awamu, na kabla ya kukata tulichomelea vyuma vya kushikilia ndani ya nafasi za milango ili gari lisijikunje. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja bila kulishikilia, milango haitafunga tena, na kazi yako ya timazi umeitupa.

Kiraka kiwe cha karatasi ya chuma ya milimita moja hivi, inayokaribiana na chuma cha gari lenyewe. Nawaona wengine mnaangaliana. Ndiyo, nazungumzia bati la kuezekea. Ni jembamba, halifiki nusu ya unene huo, na limepakwa zinki. Ukilichomelea ule moshi mweupe unaingia kifuani, jioni unatetemeka kama mwenye malaria, asubuhi umepona, kesho unarudia. Mnaambiana mnywe maziwa. Kunyweni kama mna njaa, lakini maziwa hayaendi kifuani. Dawa ni kutolivuta.

Na usichomelee mstari mrefu kwa mkupuo. Nukta hapa, nukta kule, unahama, unaacha chuma kipoe, mpaka nukta zikutane. Bati likipata moto mwingi linajikunja, linafanya tumbo. Ukiligonga tumbo hilo ili lishuke, unalitanua zaidi. Mchonga vinyago akipitiliza na tezo hawezi kukirudisha kipande kwenye mpingo, na sisi nyundo ikishatanua bati tuna dawa moja tu, nayo nitawaonyesha. Sogeeni hapa kwenye boneti.

Bonyeza hapo kwa kidole gumba. Inadunda, tup, inarudi, tap, kama kifuniko cha kopo. Hilo bati limetanuka. Nalichoma kwa gesi, doa dogo tu, ukubwa wa sarafu, mpaka liwe jekundu. Mnaona linavyoinuka? Sasa nyundo nyepesi pembeni ya doa, nikizunguka kuelekea katikati, huku chini nimekinga na chuma kizito cha mkononi. Halafu kitambaa kibichi, pssss. Chuma kilitanuka kwa moto, kikakosa pa kwenda, kikajibana, na maji yamekifunga hapo hapo. Bonyeza tena. Kimya. Hakuna puti iliyotumika, ila kitambaa na maji.

Sasa jambo la kwetu sisi watu wa pwani, ambalo fundi wa Arusha hana haja nalo sana. Chumvi. Upepo wa bahari unaileta mpaka kitandani. Ukisugua kutu ukapaka rangi juu, chumvi inabaki kwenye vitundu vidogo vya chuma, chini ya rangi, na inanyonya unyevu. Baada ya miezi michache unaona malengelenge. Mnalaumu rangi, mnamlaumu muuza rangi. Oga gari kwanza. Sisi tuliisugua Datsun kwa maji ya mvua tuliyokinga kwenye mapipa, mara tatu, tukaikausha kwa kompresa na jua la saa sita, na siku hiyo hiyo ikapata praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma. Siku hiyo hiyo! Chuma kitupu hakilali nje Mtwara. Ukikiacha usiku mmoja, asubuhi kimeota manjano kama embe. Tena iwe praima ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili. Hii ya kawaida inapitisha unyevu, ni kama kumvalisha mtu shati la kitenge kwenye mvua.

Na vile vitundu vya chini ya milango vya kutolea maji, msivizibe. Kiwanda hakikusahau kuviziba.

Kwenye viungo kiwanda kilipoweka nukta tu za kuchomelea, sisi tuliongeza vipande vya sentimeta mbili tatu, hasa kuzunguka zile shokapu. Mnaweza kukisia kwa nini mkono wangu ulitetemeka nilipofika pale.

Halafu kizimba, ile fremu ya mabomba ndani ya gari inayowakinga watu likipinduka. Hili sitaki utani hata kidogo. Nimeona vizimba vya bomba la maji, vimepakwa rangi nyekundu, vinapendeza kwenye picha. Gari likipinduka, bomba lile linakunjika shingoni mwa mtu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, na upinde mkuu nyuma ya viti uwe na kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mguu wa kizimba hausimami juu ya sakafu tupu: unawekewa bamba la milimita tatu, eneo lisilopungua sentimeta 120 za mraba, limechomelewa kwenye bodi, na boliti tatu za M8 angalau. Chukueni kalamu mfanye hesabu: bamba hilo ni kama kumi kwa kumi na mbili. Sasa jiulizeni, bamba zuri hilo likikaa juu ya ile sakafu ya salfa niliyoitoboa kwa kidole, lingesaidia nini? Ndiyo maana kizimba kilikuja mwisho, baada ya yote niliyoyasema.

Mengine ni ya kawaida na wakaguzi wa mashindano watawaambia: mikanda, kizima moto kilichofungwa vizuri, swichi ya kukata umeme, kofia ngumu. Injini tutaizungumzia siku nyingine, na atakayeizungumzia si mimi, maana fundi injini wetu hapendi mtu wa bodi amsemee.

Kuna aliyeuliza tutaipaka rangi gani. Rangi nyepesi, koti moja, nyeupe. Nyeupe inaonyesha ufa haraka. Baada ya kila mbio tutaivua magurudumu, tutapita na taa kwenye kila mshono, na palipopasuka tutapaona. Si gari la kushinda Iringa, mniwie radhi wenye ndoto hizo. Ni gari la watu ambao Jumatatu wana kazi, wanaotaka kumaliza njia na kurudi nalo likiwa bado na milango inayofunga.

Nimesema mengi, na giza linaingia. Kule nyuma ya mwembe kuna bodi nyingine, Datsun pickup 1200, imekuja juzi kutoka Mingoyo juu ya fuso la mchanga. Sijaigusa wala sijaipima. Stendi nne zile pale, chaki iko kwenye kopo, timazi nimezitundika msumarini. Wawili waje tuiinue kabla umeme haujakatika.